Naenda kufanya kazi Merthyr Tydfil: kweli ni mji uliokufa?

Swali: "Mimi ni muuguzi kutoka Tanga. Nimepata kazi hospitalini katika mji unaoitwa Merthyr Tydfil, huko Wales, na natakiwa kuripoti baada ya miezi mitatu. Wenzangu walio London wananiambia nimepotea njia. Eti ni mji wa migodi uliokufa tangu Thatcher alipofunga migodi, watu hawana kazi, wanaishi kwa posho ya serikali na hawapendi wageni. Nilipotafuta picha nikaona ngome kubwa, nyumba zilizoungana kama mabehewa, na makaburi meupe ya watoto mlimani. Nimeshindwa kuviunganisha. Huo ni mji gani hasa? Na je, nipange hapo hapo, au nipange Cardiff niwe naenda na kurudi kwa treni?"

Jibu:

Dada yangu, hongera kwa kazi. Swali lako nimelisoma mara mbili. Umetaja migodi, ngome na makaburi, lakini ninavyokusikia, kinachokunyima usingizi ni hiki: hao nitakaowauguza ni watu gani, na watanipokea vipi? Nitakujibu. Ila njia ya kulifikia jibu hilo inapita kwenye tanuru la chuma, kwa hiyo univumilie.

Wenzako wa London hawajakudanganya kila kitu. Merthyr ina umaskini unaoonekana kwa macho, ina wagonjwa wengi, na barabara yake kuu ina maduka yaliyofungwa. Walipokosea ni kwenye sababu na tarehe. Mji ule haukuzaliwa na makaa ya mawe, ulizaliwa na chuma. Na pigo lake kubwa halikuletwa na Waziri Mkuu Margaret Thatcher. Alipoingia madarakani mwaka 1979, matanuru makuu ya Merthyr yalikuwa yameshapoa kwa karibu miaka 50. Watu utakaowakuta ni wajukuu na vitukuu wa waliopoteza kazi, na wengi wao wamesikia habari za kufungwa kwa kiwanda hiki au mgodi ule tangu wakiwa mapajani.

Kabla sijaendelea, neno moja la adabu. Kwa Kiswahili tunaita nchi nzima Uingereza, kuanzia London hadi Glasgow, na tukiwa Tanga haina neno. Ukifika huko usimwite Mwelisi Mwingereza. Wales ni taifa lenye lugha yake, na wenyewe huiita Cymru. Mjini Merthyr wanaozungumza Kiwelisi leo ni chini ya mmoja kwa kumi, kwa hiyo kazini utatumia Kiingereza, lakini uwelisi wao hauko kwenye lugha peke yake. Jina la mji lisikutishe: "th" ni ile ile ya "thelathini", na Tydfil hutamkwa "Tidvil". Masimulizi yanasema Tydfil alikuwa binti wa mfalme Brychan, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake katika karne ya 5, na kanisa likajengwa kwa kumbukumbu yake.

Mji uko kichwani mwa bonde la mto Taf, kilomita 37 hivi kaskazini mwa Cardiff. Nyuma yake inapanda milima ya Bannau Brycheiniog, ambayo kilele chake, Pen y Fan, kina mita 886. Kwa karne nyingi palikuwa mahali pa wakulima na wachungaji wa kondoo. Kilichobadilisha kila kitu kilikuwa chini ya ardhi.

Umewahi kumwona mhunzi akifanya kazi. Anahitaji chuma, makaa na mivuo ya kupuliza moto. Tanuru kubwa la kuyeyushia chuma lina mahitaji hayo hayo, na moja zaidi: mawe ya chokaa. Unamwaga juu mawe yenye chuma, makaa yaliyookwa mpaka moshi wake ukaisha, na chokaa, kisha unapuliza upepo mkali kutoka chini. Chokaa hukamata uchafu na kuufanya mavi ya chuma yanayoelea, na chuma chenyewe hutiririka kwa chini kama uji. Sasa fikiria mahali ambapo mawe ya chuma, makaa ya mawe na chokaa vyote viko katika mlima mmoja, na mto wa kuzungusha magurudumu ya mivuo unapita hapo hapo. Mahali hapo ni Merthyr. Ndani ya miaka 25 vilijengwa viwanda vinne vikubwa: Dowlais mwaka 1759, Plymouth 1763, Cyfarthfa 1765 na Penydarren 1784.

Kuna jambo ambalo watalii huelezwa kwa haraka, nami nataka wewe ulijue. Anthony Bacon, aliyeanzisha Cyfarthfa, alikuwa mfanyabiashara wa London mwenye zabuni za serikali. Alipeleka vyakula kwa askari wa Kiingereza Afrika Magharibi, na alipeleka Waafrika waliotumwa utumwani kufanya kazi katika visiwa vya Karibi. Fedha za mtu huyo ziliingia kwenye matanuru yale, na kutoka kwenye matanuru ikatoka mizinga ya vita. Mwaka 1802 Admirali Nelson mwenyewe alikwenda Cyfarthfa kuangalia kazi. Mwafrika anayetembea pale hatembei kwenye historia ya watu wengine.

Vita vilitaka mizinga, kisha dunia ikataka reli. Na hapa Merthyr ina sifa ambayo hakuna mji mwingine unaoweza kuichukua. Tarehe 21 Februari 1804, gari la mvuke lililoundwa na Richard Trevithick lilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 juu ya reli, kutoka Penydarren hadi Abercynon, umbali wa karibu kilomita 16, kwa saa 4 na dakika 5. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya garimoshi inayojulikana duniani. Gari lilikuwa zito, likavunja vyuma vya njia, wakarudi kwa farasi kwa muda. Lakini kila treni iliyowahi kupita Tanga ni mjukuu wa lile. Treni utakayopanda kutoka Cardiff inapita Abercynon, kwa hiyo chungulia dirishani.

Mwaka 1801 mji ulikuwa na watu 7,700 hivi, na tayari ulikuwa mkubwa kuliko yote Wales. Mwaka 1851 walikuwa 46,000. Katika miaka ya 1840 kiwanda cha Dowlais, chini ya Josiah John Guest, kilikuwa na matanuru 18 na wafanyakazi zaidi ya 7,000. Ni vigumu kuuelezea ukubwa huo kwa mtu wa leo. Usiku anga lote lilikuwa jekundu.

Na watu hao waliishi vipi? Wewe muuguzi utaelewa haraka kuliko msomaji mwingine. William Crawshay wa pili, mwenye Cyfarthfa, alimaliza kujenga ngome ile uliyoiona pichani mwaka 1825, akiitazamisha kiwanda chake. Haikujengwa kwa ajili ya vita. Ni nyumba ya tajiri iliyopewa sura ya ngome. Chini yake, maelfu walikuwa wamebanana kwenye nyumba zilizojengwa haraka haraka, bila vyoo na bila maji ya bomba. Maji yalikuwepo, lakini yalitangulia kwenye mashine. Wanawake walipanga foleni usiku kwenye vijito. Kipindupindu kilipofika mwaka 1849 kiliua watu zaidi ya 1,400 mjini hapo, kikarudi tena mwaka 1854. Maji safi ya bomba yalikuja katika miaka ya 1860, baada ya makaburi kujaa.

Hapo ndipo tabia ya mji ilipofinyangwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwaka 1831 biashara ya chuma ilikuwa mbaya, Crawshay akapunguza ujira. Watu walikuwa wameshazama kwenye madeni, na ilikuwepo mahakama ya madeni madogo iliyokuwa ikituma watu kuchukua kitanda, meza na vyombo vya mdaiwa. Hasira ikafurika. Mwanzoni mwa Juni umati ulipita nyumba kwa nyumba ukiwarudishia wenyewe mali zao, kisha ukaivamia nyumba ya Joseph Coffin aliyesimamia mahakama hiyo, na daftari za madeni zikachomwa. Tarehe 3 Juni, nje ya hoteli ya Castle, askari walifyatua risasi wakaua watu wasiopungua 16. Hata hivyo wafanyakazi waliushikilia mji kwa siku kadhaa. Waliinua kitambaa kilichochovywa kwenye damu ya ndama, na mkate ukachomekwa kwenye mti. Wanahistoria wengi huhesabu hiyo kuwa moja ya mara za kwanza kwa bendera nyekundu kuinuliwa kama alama ya wafanyakazi.

Serikali ilitaka mtu wa kunyongwa. Ilimpata Richard Lewis, mchimbaji wa miaka 23, ambaye watu humwita Dic Penderyn. Alishtakiwa kwamba alimchoma askari mguuni. Askari huyo hakufa, na hakuweza kumtambua aliyemchoma. Maelfu waliweka sahihi kumwombea. Alinyongwa Cardiff tarehe 13 Agosti 1831, na inasimuliwa kwamba maneno yake ya mwisho, kwa Kiwelisi, yalikuwa: Ee Bwana, huu ni uonevu. Mwaka 1874, huko Marekani, mtu mwingine alikiri kabla ya kufa kwamba yeye ndiye aliyemchoma askari yule. Ukienda soko kuu la Cardiff, kwenye lango la St Mary Street, kuna kibao cha kumbukumbu. Mahali hapo palikuwa gereza.

Ukimkuta mgonjwa wa Merthyr hana imani na wakubwa, anauliza kila kitu, anataka kujua nani kaamua na kwa nini, usimwone mkorofi. Huo ni mji uliomchagua Keir Hardie bungeni mwaka 1900, mmoja wa wabunge wa kwanza wa chama cha wafanyakazi. Kuuliza ni malezi.

Sasa tuje kwenye kile kinachoitwa kifo cha mji. Wengi hufikiri viwanda hufa kwa sababu ya uvivu au migomo. Merthyr iliangushwa na kemia na gharama ya mzigo. Katikati ya karne ya 19 Henry Bessemer alipata mbinu ya kutengeneza chuma cha pua (feleji) kwa wingi, na Dowlais ilikuwa ya kwanza kununua haki ya kuitumia, mwaka 1856. Lakini mbinu hiyo ilihitaji mawe ya chuma yasiyo na fosforasi, na ya Merthyr hayakufaa, tena yalikuwa yanakwisha. Ikabidi yaletwe kwa meli kutoka Hispania. Piga hesabu mwenyewe: mzigo unashuka bandarini Cardiff, unapandishwa mlimani hadi Dowlais, zaidi ya mita 300 juu ya bahari, unayeyushwa, kisha unateremshwa tena bandarini uuzwe. Kwa nini usijenge kiwanda bandarini? Wakajenga. Matanuru mapya ya kampuni ya Dowlais yalianza Cardiff mwaka 1891. Cyfarthfa ilisitisha kazi yake ya kawaida mwaka 1910. Kiwanda kikuu cha Dowlais kilifungwa mwaka 1930, ikabaki sehemu ya kusubu vyuma tu.

Wewe umetoka Tanga, mji ulioshiba mkonge, kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni. Sina haja ya kukueleza zaidi jinsi mji unavyobaki na nyumba, shule na watu, wakati sababu ya kujengwa kwake imeondoka.

Miaka ya 1930 ilikuwa migumu kupita kiasi. Novemba 1936 Mfalme Edward wa nane alisimama kwenye magofu ya Dowlais akasema lazima kitu kifanyike. Mwezi uliofuata akaacha kiti cha ufalme kwa mambo yake mengine. Mwaka 1939 wataalamu wa mipango walitoa pendekezo kwamba mji uachwe kabisa na wakazi wahamishiwe karibu na pwani. Liwaze hilo: mtu kakaa London, kaandika kwenye karatasi kwamba mji wenu haufai kuwepo. Wengi walikuwa wameshaondoka kutafuta kazi mbali. Idadi ya watu, iliyopita 80,000 mwaka 1911, imeshuka hadi 58,800 katika sensa ya 2021. Lakini waliobaki walibaki kwa kukusudia, na watoto wao wanajua hivyo.

Makaa ya mawe nayo yalikuwa na zamu yake. Chuma kilipodhoofika, mashimo marefu yalikuwa yameshachimbwa kusini mwa mji, kama Merthyr Vale. Mwaka 1913 kusini mwa Wales kulitoa tani milioni 57 hivi, yakaendesha meli dunia nzima. Migodi hiyo ndiyo iliyofungwa polepole katika karne ya 20, na kwa kasi baada ya mgomo wa 1984 na 1985. Merthyr Vale ilifungwa mwaka 1989. Kwa hiyo wenzako wamesimulia sura ya mwisho wakadhani ndiyo kitabu kizima.

Makaburi meupe uliyoyaona ni ya Aberfan, kijiji kilicho ndani ya eneo la Merthyr, jirani na mgodi huo huo. Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966, yapata saa tatu na robo asubuhi, lundo la taka za mgodi, lililopewa namba 7, liliporomoka kutoka mlimani. Lilikuwa limerundikwa juu ya chemchemi, likalowa mpaka likawa tope linalokimbia. Liliifunika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Tume ya uchunguzi mwaka 1967 iliweka lawama kwenye bodi ya taifa ya makaa ya mawe. Kisha likaja jambo ambalo mpaka leo linawachoma: kwenye fedha za rambirambi zilizotoka pembe zote za dunia, zilichukuliwa pauni 150,000 kulipia kuondolewa kwa malundo yaliyobaki. Zilirudishwa mwaka 1997, bila nyongeza hata ya senti, mpaka serikali ya Wales ilipoongeza kiasi kikubwa mwaka 2007.

Dada yangu, baadhi ya wagonjwa wako watakuwa watu waliokuwa darasani siku ile, au wazazi, au kaka na dada wa marehemu. Walionusurika leo wana umri wa miaka sitini na zaidi. Usiwaulize. Akitaka kusimulia, keti na umsikilize, kama tunavyokaa matangani. Na mvua kubwa ikinyesha usiku ukamwona mzee hatulii, usikimbilie dawa ya usingizi kabla hujajua ni mzee wa wapi.

Wapo pia wenye mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mgodini. Ugonjwa una jina refu la kitabibu, lakini wenyewe huuita vumbi tu. Mtu anaweza kuwa aliacha mgodi miaka 35 iliyopita, na vumbi bado limo kifuani mwake.

Sasa nikupe habari itakayokufurahisha. Ukivuka bonde la Rhymney upande wa mashariki unafika Tredegar, mji mwingine wa chuma na makaa. Huko wafanyakazi waliunda chama cha matibabu: kila mmoja alikatwa senti kidogo kwenye kila pauni ya ujira, na familia ikapata daktari, dawa na hospitali. Katika mji huo alizaliwa Aneurin Bevan mwaka 1897, akaingia mgodini akiwa na miaka 13, baadaye akahudumu kwenye kamati ya hospitali. Alipokuwa waziri wa afya aliichukua fikra hiyo akaifanya ya nchi nzima, na huduma ya afya ya taifa ikaanza tarehe 5 Julai 1948. Kwa hiyo wanaokuambia umetupwa pembeni hawajui wasemalo. Unakwenda kufanya kazi kwenye milima ile ile ambako wazo la hospitali bila malipo mlangoni lilifanyiwa majaribio na watu maskini kwa senti zao.

Hawapendi wageni? Jibu la kweli lina pande mbili. Merthyr yote ni watoto wa wageni. Walikuja Wawelisi wa magharibi, Waingereza, Waairishi waliokimbia njaa, Wahispania walioletwa Dowlais mwanzoni mwa karne ya 20, Waitaliano waliofungua mikahawa, na Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki. Sinagogi la Wayahudi, la miaka ya 1870, bado limesimama kwenye mteremko, na juu ya ukuta wake wa mbele kuna joka, alama ya Wales. Karibuni wamekuja Wareno, Wapolandi na Wafilipino. Upande wa pili: hapo jirani Tredegar maduka ya Wayahudi yalivunjwa na wenye ghasia mwaka 1911, na katika kura ya 2016 zaidi ya nusu ya wapiga kura wa Merthyr walitaka kutoka Umoja wa Ulaya. Hasira ya mji ulioachwa huweza kumwangukia mgeni. Unaweza kukutana na mtu atakayekutolea neno baya. Likitokea kazini, liandike, litolee taarifa siku hiyo hiyo, usilibebe peke yako.

Ila kwa wengi, ukarimu wao ni wa kukushtua. Utaitwa mpenzi na dereva wa basi, na hana nia mbaya. Utaulizwa unatoka wapi, na swali hilo huko mara nyingi lina maana ile ile ya kwetu: wewe ni mtoto wa nani? Nikupe kisa kimoja. Johnny Owen alikuwa bondia wa Merthyr, mwembamba kama fito. Mwaka 1980 alipigana na Lupe Pintor wa Meksiko huko Los Angeles kuwania ubingwa wa dunia, akapigwa akazimia, akafa baada ya wiki kadhaa. Mwaka 2002 mji ulipomsimamishia sanamu, baba yake Johnny alimwalika Pintor kutoka Meksiko aje aifunue. Akaja, akaifunua. Mimi nikitaka kumweleza mtu Merthyr ni mji gani, humsimulia hilo kwanza.

Baada ya vita vya pili serikali ilileta viwanda vyepesi. Kilichojulikana zaidi ni cha Hoover, cha mashine za kufulia, kilichofunguliwa Pentrebach mwaka 1948 kikafungwa mwaka 2009. Shimo kubwa la makaa la Ffos-y-frân, juu ya mji, lilisimama mwishoni mwa 2023. Siku hizi waajiri wakubwa ni hospitali yenyewe, halmashauri, maduka na ofisi, na watu huja kuendesha baiskeli za milimani.

Kuhusu makazi, nitasema nionavyo. Cardiff ina mengi utakayoyatamani: misikiti na makanisa ya kila namna, maduka ya vyakula vya Kiafrika, na Wasomali walioishi bandarini kwa vizazi kadhaa. Utasikia lugha nyingi mtaani, na upweke utapungua. Lakini kodi ni ya juu zaidi, treni huchukua kama saa nzima, na zamu zako hazitafuata ratiba ya treni. Kutoka zamu ya usiku, kusubiri kwenye baridi, kisha saa moja ya safari, kutwa tatu mfululizo, kunachosha hata kijana. Merthyr nyumba ni nafuu, unaweza kufika kazini kwa mguu au basi, na majirani watakujua ndani ya mwezi. Ubaya wake ni kwamba hao majirani wanaojua ulipo wanajua pia usipokuwepo, na nyuso za Kiafrika ni chache. Ningekuwa wewe ningepanga Merthyr miezi sita ya kwanza, kwa mkataba mfupi, na kushuka Cardiff siku za mapumziko. Ukiwa na watoto wa shule hesabu hubadilika. Hapo usiamue kwa picha wala kwa barua yangu, nenda uzione shule kwa macho.

Yapo mambo ambayo mimi si mtu wa kukusaidia. Mkataba wa kazi usitie sahihi kabla hujasomewa na mwanasheria au chama cha wauguzi, hasa vifungu vya kurudisha gharama za viza na nauli ukiacha kazi mapema. Ukifika tu, jiandikishe kwa daktari wa mtaa wako, usingoje kuugua. Desemba jua huzama kama saa kumi jioni, na bonde lile huingia giza mapema zaidi. Ukiona wiki zinapita huli, hulali, na hata kupiga simu nyumbani kunakuwia kazi, mwone daktari huyo. Wauguzi ndio hodari wa kuchelewa kwenye hili.

Siku yako ya kwanza ya mapumziko, nenda Cyfarthfa. Tembelea ngome, ambayo sasa ni makumbusho, kisha shuka mtoni ukayaone matanuru ya mawe yaliyobaki, na hatua chache kutoka hapo daraja dogo la chuma liitwalo Pont-y-Cafnau, la mwaka 1793, lililobeba reli na mfereji wa maji kabla Trevithick hajawasha gari lake. Hapo mara nyingi huwa pana mzee anayetembeza mbwa. Msalimie, mwambie umetoka Tanga na unafanya kazi hospitalini. Na vaa koti la mvua lenye kofia, kwa sababu mwavuli hauwezi upepo wa bonde lile.